MAELEZO YA KATIBU WA TAWI KUHUSU VAT, RISITI NA "BEI MBILI" MADUKANI

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

_Haya ni maelezo niliyoyatoa kwenye mkutano wa wanachama wa tawi letu, Morogoro, Jumapili tarehe 16 Februari 2025. Wapo waliokosa kwa sababu ya msiba na wapo waliokuwa kazini, wakaomba yaandikwe. Tafadhali someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza. Mwenye mzazi asiyetumia WhatsApp amsomee._



 

Mwenyekiti amenipa nusu saa, na nitajitahidi nisiizidishe. Ajenda hii haikuwa kwenye ratiba ya mwezi huu. Imeingia kwa sababu ya jambo lililotokea Jumamosi ya juzi, na wengi wenu mmelisikia, ila kila mmoja amelisikia kivyake. Nimeongea na pande zote mbili, wote wamenipa ruhusa nilieleze bila kutaja jina la mtu. Naomba na nyie msitaje.

Dada yetu mmoja, mwanachama hapa, ana duka la vyombo. Ndugu yetu mwingine, mwanachama hapa hapa, alikwenda kununua masufuria, ndoo na chupa ya chai kwa ajili ya binti yake anayeolewa. Jumla ikawa shilingi 90,000. Akalipa, akapewa risiti ya mashine. Kufika nyumbani akaisoma, akaona kwenye mstari wa kodi pameandikwa sifuri. Akachukua simu, akapiga asilimia 18 ya 90,000, akapata 16,200. Akarudi dukani, mbele ya wateja, akasema: "Nirudishie 16,200 zangu, umekula VAT ya serikali." Dada akajitetea, maneno yakazidi, likatoka neno "mwizi". Jioni picha ya risiti ikawekwa kwenye kundi letu la tawi. Usiku huo huo dada akajitoa kwenye kundi, na mpaka leo hajarudi. Mchango wake wa mwezi amenitumia kwa simu bila hata salamu.

Ndugu wanachama, watu hawa wawili wamefahamiana miaka mingi. Wamezikiana. Leo hawasalimiani kwa sababu ya karatasi ya mashine ambayo hakuna kati yao aliyewahi kufundishwa kuisoma. Na mimi mwenye stashahada ya uhasibu, niliyekaa nanyi tawini miaka yote hii, sikuwahi kuwafundisha. Kwa hiyo nianze kwa kuomba radhi kwa hilo.

*1. VAT NI NINI, NA NANI ANAILIPA*

VAT ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Huku bara ilianza kutozwa tarehe 1 Julai 1998, ikachukua nafasi ya ile kodi ya mauzo ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Ilianza na asilimia 20, mwaka 2009 ikashuka kuwa 18. Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2014.

Watu wengi wanadhani VAT ni kodi ya mwenye duka. Hapana. Mwenye duka ni mkusanyaji. Mlipaji ni wewe unayenunua ukaenda kutumia. Nitawapa mfano, na mwenye kalamu aandike.

Kiwanda kinatengeneza bidhaa, kinamuuzia mfanyabiashara wa jumla kwa shilingi 100,000. Kinaongeza VAT 18,000. Wa jumla analipa 118,000, kiwanda kinapeleka 18,000 serikalini. Tuache habari ya malighafi za kiwanda, zitatuchelewesha.

Wa jumla anamuuzia wa rejareja kwa 120,000, anaongeza VAT 21,600. Lakini yeye tayari amelipa 18,000 alikonunua. Anaziondoa, anapeleka 3,600.

Wa rejareja anakuuzia wewe kwa 150,000, anaongeza VAT 27,000. Unatoa mfukoni 177,000. Yeye anaondoa 21,600 alizolipa kwa wa jumla, anapeleka 5,400.

Sasa jumlisheni: 18,000 na 3,600 na 5,400. Ni 27,000. Ni zile zile ulizotoa wewe. Kila mmoja katika ule mnyororo alirudishiwa alichotanguliza, isipokuwa wewe wa mwisho, maana wewe huna wa kumdai. Ndiyo maana nasema mlipaji ni wewe. Ukishaelewa hapo, utaelewa pia kwa nini risiti ni ya kwako kwanza, kabla hata ya kuwa ya TRA. Ni hati ya pesa uliyoitoa.

Jambo la pili hapo hapo. Bei inayotajwa dukani, ikiwa duka linatoza VAT, inatakiwa iwe imeshaibeba kodi. Ukiambiwa 177,000, kodi imo ndani. Na kuijua iliyo ndani huchukui asilimia 18 ya 177,000. Unagawanya kwa 118, halafu unazidisha kwa 18. Ukichukua asilimia 18 ya bei yenye kodi ndani utapata kiasi kikubwa kuliko kodi yenyewe, kisha utamtuhumu mtu bure kwamba kapunja. Mfano mdogo: kwenye 118,000 kodi ni 18,000. Ukikosea njia utapata 21,240. Hiyo 3,240 ya juu haipo popote, umeitengeneza wewe kwenye simu yako.

*2. SI KILA DUKA LINATOZA VAT*

Hapa ndipo ugomvi wa Jumamosi ulipozaliwa.

Sheria inamtaka mfanyabiashara ajisajili VAT pale mauzo yake yanapofika kiwango fulani. Kiwango hicho kilikuwa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 kimepanda kuwa milioni 200. Milioni 200 kwa mwaka, ukiigawa kwa siku 365, ni karibu shilingi 548,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nataka kila mmoja afikirie maduka ya mtaani kwetu, ahesabu mangapi yanauza hivyo kila siku. Mengi hayafiki.

Kwa hiyo mtaani utakutana na wauzaji wa aina tatu.

Wa kwanza amesajiliwa VAT. Huyu ana mashine, na risiti yake inaonyesha kodi. Juu ya risiti, karibu na TIN, kuna namba inayoitwa VRN. Hiyo ndiyo namba ya usajili wa VAT.

Wa pili hajasajiliwa VAT, lakini ana mashine. Risiti yake ni halali kabisa. Ila pale kwenye VRN imeandikwa kwamba hajasajiliwa, na mstari wa kodi unasoma sifuri. Mashine yake kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya mauzo, ili akadiriwe kodi ya mapato. Haikusanyi VAT.

Wa tatu ni mdogo sana, mauzo yake hayajafika hata pa kulazimika kuwa na mashine. Mama wa genge, muuza maandazi, kijana anayetembeza soksi. Kumdai huyo risiti ya mashine ni kumwonea.

Dada yetu wa vyombo ni wa aina ya pili. Sifuri iliyoonekana kwenye risiti ile ni sahihi. Hakula VAT ya mtu kwa sababu hakutoza VAT.

Tena niwaambie kitu ambacho wengi hatukijui. Dada huyu akienda Kariakoo kuchukua mzigo kwa mfanyabiashara wa jumla aliyesajiliwa, analipa VAT. Masufuria ya 118,000 yana 18,000 ya kodi ndani. Yule wa aina ya kwanza angeirudisha hiyo 18,000 kwenye hesabu zake za mwezi. Dada hana njia hiyo, kwa sababu hajasajiliwa. Inabaki kuwa gharama yake, anaibeba kwenye bei, au anaimeza kwenye faida. Kwa hiyo yule tuliyemwita mwizi wa VAT, yeye ndiye aliyeilipa kabla yetu.

Upande wa pili wa jambo hili nao ni muhimu. Muuzaji ambaye hajasajiliwa haruhusiwi kukuongezea asilimia 18. Akikwambia "ukitaka risiti ongeza 18", angalia VRN. Kama hana VRN, hiyo 18 anaipeleka wapi? Hana ritani ya VAT anayowasilisha. Hiyo ni pesa yake mwenyewe aliyoivalisha jina la serikali. Hapo unayo haki ya kulalamika, na nitasema mlango wa kulalamikia.

*3. BEI MBILI, NA KOSA LANGU MWENYEWE*

Sasa nije kwenye jambo linalonihusu. Wajumbe wa Kamati wanalijua, wengine hamlijui. Nimeona si haki niwasimamie hapa kama mwalimu huku nimelificha.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, mlinipa michango yenu ninunue viti 30 vya plastiki vya tawi. Nilikwenda duka moja mjini, duka kubwa, lililosajiliwa VAT. Muuzaji akaniuliza swali ambalo kila mmoja wenu ameulizwa: "Na risiti au bila risiti?" Na risiti, kiti 17,700. Bila risiti, 16,000.

Nikapiga hesabu ya haraka. Na risiti ni 531,000. Bila risiti ni 480,000. Nitaokoa 51,000 ya tawi. Nikajiona mjanja, tena mjanja kwa niaba yenu. Nikalipa taslimu, nikapewa kikaratasi cha daftari kimeandikwa "viti 30" na jumla, hakuna jina wala muhuri.

Twende kwenye hesabu ambayo mtu wa uhasibu alipaswa kuipiga pale pale. Kiti cha 17,700 kina kodi ndani ya 2,700. Bei yake bila kodi ni 15,000. Viti 30 bila kodi ni 450,000, na kodi yake ni 81,000. Mimi nililipa 480,000. Maana yake katika ile 81,000 iliyokuwa ya umma, mimi nilichukua 51,000, muuzaji akachukua 30,000, na serikali ikapata sifuri. Na VAT aliyoilipa yeye alikonunua viti, bado anaweza kuidai kwenye ritani yake. Hakunipa punguzo. Tuligawana pesa isiyo yetu, na mimi nikaondoka nikimshukuru.

Haikupita wiki tatu, viti sita vikavunjika miguu. Mnakumbuka mzee wetu alivyoanguka kwenye kikao cha Desemba. Nikavipakia kwenye bajaji, nikarudi dukani. Muuzaji akaniangalia usoni akasema: "Kaka, mimi sikukumbuki. Risiti iko wapi?" Nikatoa kikaratasi. Akasema hicho si cha kwake. Na kweli, hakuna kilichothibitisha kuwa ni cha kwake. Nikarudi na viti vyangu kwenye bajaji ile ile.

Viti sita kwa 16,000 ni 96,000. Niliokoa 51,000, nikapoteza 96,000, na nauli ya bajaji juu. Mwezi wa kwanza wakaguzi wetu wa tawi walipokuja kwenye vitabu, wakakikataa kile kikaratasi, na walikuwa sahihi. Nimerudisha hiyo 96,000 mfukoni mwangu kwa awamu mbili. Stakabadhi zipo kwa Mtunza Hazina, mwenye kutaka kuona aombe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ilikuwepo njia halali, na iko wazi kwa kila mtu. Kujadiliana bei si kosa. Ningeweza kumwambia: "Nipunguzie, na risiti unipe." Kama angeshuka mpaka 16,520 kwa kiti, hapo bei bila kodi ni 14,000 na kodi ni 2,520. Punguzo halali linapunguza na kodi. Viti 30 ni 495,600. Ni 15,600 tu zaidi ya nilizolipa, na ningekuwa na karatasi ya kurudishia viti vibovu. Labda angekataa kushuka. Lakini sikuuliza. Nilipoulizwa "na risiti au bila", nilidhani hayo ndiyo majibu mawili pekee yaliyopo.

*4. KUSOMA RISITI*

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na lugha. Risiti za mashine zimeandikwa Kiingereza kilichofupishwa, na sisi tunanunua kwa Kiswahili. Nimebandika risiti moja kubwa ukutani ofisini, lakini nitaeleza kwa ufupi mambo ya kuangalia kabla hujatoka dukani.

Angalia jina la biashara na TIN. Liwe ni duka ulilosimama ndani yake. Wapo wanaotoa risiti ya mashine ya mtu mwingine.

Angalia VRN. Hapo utajua kama ni muuzaji wa aina ya kwanza au ya pili.

Angalia tarehe na saa. Iwe ya leo, ya muda huo. Risiti ya jana ya mteja mwingine si ya kwako.

Angalia kiasi. Huu ndio ujanja uliozoeleka zaidi kwa sasa: umenunua cha 300,000, risiti inasoma 30,000. Muuzaji amekupa risiti, na wewe umeridhika kwa sababu karatasi umeipata. Isome.

Kisha mistari ya chini. TOTAL EXCL OF TAX ni bei bila kodi. TOTAL TAX ni kodi. TOTAL INCL OF TAX ni bei pamoja na kodi, yaani ile uliyoilipa. Kuna mama yetu mmoja alikuja kwangu amekasirika kwamba ametozwa mara mbili, kwa sababu alijumlisha kodi juu ya mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho umeshajumlisha, usiongeze kitu.

Mwisho, kuna ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu, na namba ya uhakiki. Ukiskani, au ukiingia verify.tra.go.tz ukaandika ile namba, utaona kama risiti yako ipo kwenye mfumo. Kama haipo, jua umepewa karatasi tu.

Na jambo dogo ambalo limewaumiza wengi: karatasi ya mashine hufifia. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au kwenye pochi miezi mitatu, utakuta nyeupe. Risiti ya kitu cha thamani, jokofu, simu, bati, ipige picha siku hiyo hiyo.

*5. YASIYO VAT TUSIYAITE VAT*

Nitapita haraka hapa.

Kuna bidhaa zilizosamehewa VAT: mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa, unga wa mahindi, dawa, vitabu vya shule. Petroli, dizeli na mafuta ya taa nayo hayana VAT, lakini yana tozo na ushuru mwingine, kwa hiyo mtu asiseme hakuna kodi kwenye mafuta. Kodi ya pango la nyumba ya kuishi haina VAT pia. Mwenye nyumba akikudai VAT ya chumba, mwambie asome sheria.

Kwenye LUKU, kila ukinunua umeme unakatwa VAT, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Zile shilingi 1,500 zinazokatwa kila mwezi kwa nyumba ya kawaida si VAT. Hiyo ni kodi ya jengo, imeingizwa kwenye LUKU tangu 2021 kwa ajili ya urahisi wa kukusanya. Mpangaji anayenunua umeme anamlipia mwenye nyumba kodi ya jengo lake. Hayo mkayazungumze kwa upole na wenye nyumba wenu, yakatwe kwenye pango.

*6. MALALAMIKO NA MILANGO YAKE*

Sisemi watu waache kulalamika. Tawi lisilolalamika limekufa. Ninachosema ni kwamba kila lalamiko lina mlango wake, na tukigonga mlango usio wake tunaumizana wenyewe.

Lalamiko la kwanza ni la muuzaji: hatoi risiti, anaandika kiasi pungufu, anaongeza 18 bila usajili, au kila siku mashine mbovu. Mlango wake ni ofisi ya TRA, na kabla ya hapo ni muuzaji mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Mashine kweli huharibika na mtandao kweli hukatika. Muulize mara ya kwanza kama mteja, si kama askari. Na tukumbuke sheria inambana pia mnunuzi. Asiyedai risiti naye ana faini. Ile kauli ya "ukinunua dai risiti, ukiuza toa risiti" ina pande mbili.

Lalamiko la pili ni la sera: asilimia 18 ni kubwa, tajiri na maskini wanalipa kiwango kile kile kwenye sabuni ile ile, kiwango cha usajili kiwe juu au chini, makadirio, ukaguzi wa mitaani. Haya si ya kumalizia kwa mama wa duka. Wafanyabiashara wenyewe wana ya kwao. Mei 2023 walifunga maduka Kariakoo mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Juni 2024 wakafunga tena, na safari hiyo ikafika mikoa mingine. Oktoba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Huo ukawa mlango wa mambo ya viwango. Tawi letu nalo lina watu wanaouza na wanaonunua, tuna la kusema.

Lalamiko la tatu ni la matumizi: kodi tunalipa, zahanati haina dawa, barabara ya kuingia mtaani kwetu ikinyesha haipitiki. Hili nalipenda kuliko yote, na mlango wake ni mikutano ya mtaa, diwani na mbunge. Lakini ndugu zangu, mtu aliyechukua 51,000 yake kwenye viti, kama nilivyofanya mimi, anasimama vipi kwenye mkutano wa mtaa kuuliza dawa ziko wapi? Nimejiuliza hivyo tangu Desemba. Nataka siku nikiuliza, niulize nikiwa na risiti mkononi.

*7. TULIYOKUBALIANA*

Baada ya maelezo haya na maswali ya wanachama, mkutano umekubaliana yafuatayo:

1. Pesa ya tawi hainunui kitu chochote kwenye duka lenye mashine bila risiti ya mashine. Risiti ipigwe picha na itumwe kwa Mtunza Hazina siku hiyo hiyo. Kwa mama wa genge na wengine wasio na mashine, tutatumia hati ya malipo yenye saini ya muuzaji na ya shahidi mmoja.

2. Hakuna kuweka kwenye kundi risiti, picha au jina la muuzaji yeyote kwa tuhuma. Tawi si ofisi ya TRA wala mahakama. Mwenye mashaka na risiti aje kwangu kwanza, tuisome pamoja.

3. Kila Jumamosi saa 10 jioni mpaka saa 12 nitakuwa ofisini. Njooni na risiti zenu, na wenye maduka waje na maswali yao. Sitoi ushauri wa kukwepa, natoa wa kuelewa.

4. Wanachama wenye maduka wataandika bei moja kwenye bidhaa, bei ya mwisho. Kama wamesajiliwa, bei hiyo iwe na kodi ndani. Swali la "na risiti au bila" lisisikike kwenye duka la mwanachama wetu.

5. Vijana watatu waliochaguliwa watakusanya maoni ya wanachama kuhusu kodi. Nitayaandika, yatasomwa kwenye mkutano wa Machi, tukikubaliana yatapelekwa kwenye Tume kupitia ngazi za juu.

*8. LA MWISHO*

Ndugu yetu aliyegombana na dada yetu alisimama mkutanoni, akasema hakujua habari ya VRN, na kwamba neno lile lilimtoka kwa hasira ya gharama za harusi. Dada hakuwepo. Ndugu yetu ameomba wazee wawili wamsindikize mpaka nyumbani kwa dada, wiki hii, kabla ya harusi. Wazee wamekubali. Kuomba radhi kwenye kundi la WhatsApp nimemshauri asubiri. Pale dukani ndipo neno liliposemwa, na wale wateja wa siku ile wengi ni wa mtaa huu huu.

Kwa dada yetu, najua haya yatakufikia japokuwa hupo kwenye kundi. Risiti yako ilikuwa sahihi. Nafasi yako kwenye tawi ipo, na mchango wako wa Februari nimeuandikia stakabadhi, nitakuletea mwenyewe.



_Imetolewa na:_
*Katibu wa Tawi*
_Morogoro, 17 Februari 2025_

_Wanachama mnaruhusiwa kuituma kwa wanachama wenzenu. Tafadhali msikate kipande, itumeni yote._